Tumekuja Kukuona: Ibada ya Wahindu Nyumbani na Hekaluni

(Mazungumzo na walimu wa somo la dini, Mombasa)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wazee mlioketi mbele, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: shikamooni, na hamjambo.

Mwalimu aliyenipigia simu kunialika aliniambia maneno yaliyonikaa moyoni. Alisema, "Mama, watoto wanatuuliza Wahindu wanaabudu vipi, nasi tunawajibu kwa kubahatisha, ilhali ni majirani zetu." Ni kweli. Nimezaliwa mji huu, nimesoma hapa, nimelea wanangu hapa. Watu wengi wameingia dukani kwetu, lakini waliopanda ngazi mpaka juu tunakokaa nawahesabu kwa vidole. Leo nataka tupande ngazi hizo pamoja.

Kwanza tuweke sawa jina, maana Kiswahili chetu kinachanganya. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mtu wa dini. Bohora ni Mhindi na ni Mwislamu. Mgoa kwa kawaida ni Mkristo. Kalasinga ana dini yake na nyumba yake ya ibada, gurudwara. Sisi tulioitwa Mabaniani tangu zama za majahazi ndio Wahindu. Na hilo jina Baniani mnalijua kwa methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Niliisikia darasani nikiwa na miaka tisa, na darasa zima likageuka kunitazama. Sikuileta hapa kulalamika. Nimeileta kwa sababu kiatu hicho ndicho cha kwanza mtakachokiona mkija kwetu. Kiko juu ya ngazi, nje ya mlango, kimepangwa pamoja na vya watoto. Ndani hakiingii, kwa sababu ndani mna mtu anayeheshimiwa kuliko sisi sote.

Tazameni hapa mezani. Hiki kisanamu cha shaba kinaenea kwenye kiganja. Ni mtoto anayetambaa, goti moja chini, mkono wa kulia umeinua donge la siagi. Huyu ni Krishna, mungu wetu, akiwa mchanga. Sisi tunamwita Lalji. Huyu niliyemleta ni wa dukani, bado hajaingizwa kwenye ibada, nimemleta mumwone tu. Yule wa nyumbani sikuweza kumleta. Ningekuwa nimemtoa mtoto kitandani saa ya usingizi.

Mnaona jinsi nilivyosema hivyo bila kufikiri? Hapo ndipo penye kiini cha ibada yetu.

Nyanya yangu, tuliyemwita Ba, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri. Alioga kwanza, akavaa nguo safi, hakugusa chai. Kisha alikwenda kwenye kabati dogo la mbao lililokuwa karibu na jiko, likafungwa pazia. Hakulifungua pazia ghafla. Alipiga makofi matatu mepesi, kama unavyoamsha mtoto usiyetaka ashtuke, akaimba kwa sauti ya chini. Ndipo akafungua. Alimpa kwanza maziwa na kitu kitamu. Halafu akapasha maji ya kumwogesha, na kabla ya kummwagia akayajaribu kwenye kifundo cha mkono wake, hapa ndani penye ngozi laini. Mama yeyote aliye hapa anajua kwa nini. Akamfuta kwa kitambaa, akampaka liwa kwa ncha ya kidole, akamvisha kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, akamwekea ua, akamwonyesha kioo ajitazame.

Baadaye chakula. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wapishi wataelewa. Chakula cha Lalji hakionjwi. Hata chumvi. Ukionja, umekula wewe kwanza, na mgeni hapewi masazo. Kwa hiyo Ba alipika kwa pua, kwa macho na kwa kusikia mafuta yanavyolia. Nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili nilisaidia kupika dengu, nikalamba mwiko. Sikufikiri. Ba aliniona. Hakunifokea. Aliitoa sufuria ile mekoni, akasema hii ni yetu, akaosha mikono, akaanza upya na dengu nyingine mbichi, na sisi wote tukangoja na njaa mpaka zikaiva. Sijawahi kulamba mwiko tena. Mpaka leo, hata nikipikia watu tu, mkono unasita.

Chakula kikiwa tayari kinawekwa mbele yake, jani la tulsi juu. Tulsi ni ndugu wa mrehani wetu, na nyumba nyingi za Kihindu zina mti wake barazani au dirishani kwenye chungu. Kisha pazia linafungwa, na mtu anatoka. Anaachwa ale kwa faragha. Dakika chache zikipita unarudi, unampa maji ya kusukutua, unampa tambuu. Chakula kile sasa kina jina jingine: ni prasadi, neema yake. Kinarudi mezani, tunakila sisi, na aliyebisha hodi saa hiyo anakula nacho.

Mwalimu mmoja aliniuliza nje kabla hatujaanza, je, chakula kinapungua? Hakipungui hata tembe. Wala hatusemi anakula kama tunavyokula sisi. Tunasema anapokea mapenzi yaliyokipika. Ndani ya Gita, kitabu chetu kitakatifu, Krishna anasema kwamba jani, ua, tunda, hata maji, akipewa kwa mapenzi anayapokea. Hakutaja karamu. Ametaja vitu ambavyo hata maskini wa mwisho anaweza kuvichuma njiani.

Hiyo ni njia ya Pushtimarga, mojawapo ya njia za kumwabudu Krishna, iliyoanzishwa na Vallabhacharya, aliyeishi kuanzia mwaka 1479 hadi 1531. Wafanyabiashara Wabhatia wa Kutch walioishi Muscat na Zanzibar katika karne ya 19, wakiwemo wa nyumba ya Jairam Shivji iliyosimamia ushuru wa forodha wa Zanzibar, walikuwa watu wa njia hii. Watu wa njia hii hawapendi hata kuiita kazi ya Ba puja. Wanaiita seva, yaani utumishi. Wahindu wengine wengi wanasema puja, na puja kamili ina hatua 16. Nitawatajia baadhi, nanyi mniambie mmeziona wapi. Unamwita. Unampa kiti. Unampa maji ya miguu. Maji ya mikono. Maji ya kinywa. Unamwogesha. Unampa nguo. Unampaka liwa. Unampa maua, unamfukizia udi, unamwashia taa, unamlisha, unampa tambuu, unamsindikiza kwa heshima.

Walimu wangu, nani hapa hajawahi kumfanyia hivyo mgeni? Hii ndiyo adabu ya nyumba za pwani. Hata neno tambuu lenyewe, jani tunalokula na popoo, Wahindu wanalitaja katika puja kwa jina la Kisanskriti, tambula. Upanishadi ya Taittiriya, maandiko yetu ya kale, inamfunza mwanafunzi anayemaliza masomo kwamba mgeni awe kwake kama mungu. Puja imelichukua fundisho hilo na kuligeuza upande wa pili: Mungu awe kwako kama mgeni. Na mnajua tunavyosema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa huyu mgeni, siku ya tatu jembe tunalishika sisi. Ba alilishika miaka sitini.

Sitaki mwende mkawaambie watoto kwamba kila nyumba ya Kihindu iko kama ya Ba. Haiwezekani. Nyumba nyingi ni picha moja ukutani, kijiti cha udi, mikono iliyokutanishwa, dakika tano kabla ya kukimbilia matatu. Ibada hiyo nayo ni kamili. Nyumba za waabudu wa mungu Shiva utaona jiwe la mviringo, linga, linamwagiwa maji na kuwekewa majani matatu-matatu ya mti wa bilva. Wengine wanamwabudu Mungu Mama, Amba, na hekalu lake kubwa la Ambaji kule Gujarat halina murti, yaani sanamu ya ibada, ndani; linaabudiwa bamba lenye michoro mitakatifu. Na Arya Samaj, kundi la Wahindu la kurekebisha dini, waliokuwa na jumuiya yao Nairobi tangu mwaka 1903, hawaweki sanamu hata moja. Wanawasha moto kwenye chombo cha mraba, wanamimina samli kijiko kwa kijiko, na kila kijiko wanatamka "svaha". Mwanzilishi wao, Dayananda Saraswati, alizikataa sanamu kwa ukali kuliko mhubiri yeyote niliyemsikia mtaani. Na ni Mhindu.

Nimelitaja neno sanamu, basi tusilikwepe. Najua limekaa vipi masikioni mwenu, Waislamu na Wakristo. Sikuja kuomba mlikubali lile ambalo imani zenu zimelikataa. Ninaomba tu mlieleze kama lilivyo. Fundi akimaliza kuchonga, alichonacho ni jiwe. Kinahitajika kisomo kirefu cha kuomba uhai uingie, na macho ndiyo yanafunguliwa mwisho. Hapo tu ndipo linaitwa murti na linaabudiwa. Na angalieni Ganesha, mwenye kichwa cha tembo. Kwenye sikukuu yake, huko Mumbai, familia inamleta nyumbani akiwa wa udongo. Wanamkaribisha, wanamlisha, wanamwimbia siku moja na nusu, au tano, au kumi. Kisha wanamuaga, wanambeba mpaka baharini, wanamzamisha, na udongo unayeyuka. Kama tungeamini Mungu ni udongo ule, nani angethubutu? Aliyekuja ameondoka, na chombo kimerudi kilikotoka. Rigveda, andiko letu la kale, ina mstari wa zamani sana unaosema kweli ni moja, wenye hekima wanaiita kwa majina mengi. Hilo Wahindu wengi wamelikariri.

Sasa tutoke nyumbani twende hekaluni. Watu hudhani hekalu ndilo kubwa na nyumbani ni mazoezi. Kwetu ni kinyume, au angalau si hivyo. Hakuna siku ya juma ambayo Mhindu analazimika kwenda hekaluni. Anaweza kukaa miezi asiende na bado akawa mtu wa ibada kila asubuhi. Tofauti ya hekalu ni hii: nyumbani mimi ni mwenyeji, Yeye ni mgeni. Hekaluni Yeye ndiye mwenyeji, mimi ndiye niliyebisha hodi. Ndiyo maana kuna kengele inaning'inia mlangoni. Unaivuta mara moja unapoingia, kama kusema nimefika.

Tukimuuliza mtu anakwenda kufanya nini, hajibu kwamba anakwenda kusali. Anasema anakwenda darshani. Nilihangaika miaka mingi kulitafsiri neno hili, mpaka jirani yangu mmoja wa Kiswahili alipokuja kumjulia hali Ba akiwa mgonjwa, akasimama mlangoni, akasema, "Bibi, nimekuja kukuona." Ndilo! Kiswahili kinalo tayari. Kumwona mtu ni kumtazama, na ni kumtembelea kwa mapenzi, kwa neno moja. Darshani ni hiyo, na zaidi ni kuonana, kwa sababu macho ya murti yako wazi nayo yanakuona wewe. Bibi kizee atapanda basi usiku kucha, asimame katika msukumano wa watu, aone uso ule sekunde tatu, arudi nyumbani ameshiba.

Pale Nathdwara, Rajasthan, anakokaa Shrinathji, murti ya Krishna, tangu mwaka 1672 baada ya kuhamishwa kutoka Govardhan kwa hofu ya enzi za Aurangzeb, mfalme wa Wamughal, pazia linafunguliwa mara nane tu kwa siku. Mara ya kwanza ameamka, ya pili amevishwa, ya tatu anakwenda kuchunga ng'ombe, na kuendelea mpaka anapolala. Baridi ikija anavishwa nguo zenye pamba ndani na kuwekewa makaa. Joto likija anapakwa liwa. Jengo lenyewe halina mnara, linaitwa haveli, yaani jumba la kuishi. Ukifika wakati amelala, umefika wakati amelala. Unangoja.

Mahekalu mengine yana mnara, na mkipita Kisutu, Dar es Salaam, au hapa kwetu Barabara ya Haile Selassie, mmeyaona kwa nje. Ndani kuna ukumbi, watu wanakaa chini na kuimba. Mbele kabisa, katika mahekalu yaliyojengwa kwa kanuni za kale, kuna chumba kidogo, kinene ukutani, mara nyingi bila dirisha, giza isipokuwa taa ya samli. Mnara wote umesimama juu ya chumba hicho. Jina lake ni garbhagriha, na maana yake ni nyumba ya mimba. Ukubwa wote wa nje umejengwa kulinda giza dogo la ndani ambamo kuna uhai. Kwa kawaida kuhani peke yake ndiye anayeingia. Sisi tunakizunguka chumba hicho, bega la kulia likielekea ndani.

Jioni kuna arati. Taa hizi hapa: mnaona sahani, na visahani vitano vya samli. Utambi nauviringisha mwenyewe, tazameni, unachukua pamba kidogo, unalowesha kidole, unasokota kwenye kiganja mpaka uwe mwembamba kama uzi upande mmoja. Ba alisokota mamia kila mwezi, akitamka jina la Krishna kwa kila utambi. Kuhani anazizungusha taa mbele ya murti, kengele zinalia, ngoma, watu wote wanaimba kwa sauti ya juu, na mwanga unapita usoni, mikononi, miguuni, ili wote waone vizuri. Halafu sahani inapitishwa kwetu. Unaweka viganja juu ya moto kidogo, joto likushike, kisha unavigusisha macho yako. Mtoto anafundishwa hili kabla hajajua kusema.

Nairobi kuna hekalu la mawe ya kuchongwa la Swaminarayan, mojawapo ya madhehebu yetu, lililofunguliwa mwaka 1999 na kiongozi wao wa wakati huo, Pramukh Swami Maharaj. Wapelekeni wanafunzi. Wataona wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali. Waelezeni kabla hawajauliza kwa sauti.

Nimesifu sana, na ningekuwa mwongo nikiishia kwenye sifa. Nyumba hizi za Mungu, kwa karne nyingi, zilifungiwa watu waliozaliwa Wahindu kama sisi, kwa sababu tu ya jamii waliyozaliwa ndani yake. Wale walioitwa wasioguswa walilisafisha jiji zima, lakini kengele ya mlangoni hawakuruhusiwa kuivuta. Kule Vaikom, kusini mwa India, mwaka 1924 na 1925 watu walikubali kupigwa na kufungwa kwa kudai haki ya kupita tu kwenye njia zinazozunguka hekalu, achilia mbali kuingia. Mwaka 1930 Ambedkar, mtetezi wa hao walioitwa wasioguswa, aliongoza maelfu mpaka malangoni mwa hekalu la Kalaram, Nashik, na milango ikafungwa usoni mwao. Travancore, ufalme wa kusini mwa India, ilifungua mahekalu yake Novemba 1936, na Katiba ya India ya mwaka 1950 ikapiga marufuku huko kutoguswa. Sheria imeshinda, mioyo haijamalizika. Mimi ninayewaambia kwamba ibada yetu ni kumpokea mgeni, hili linanichoma. Mwenyeji alikuwa ndani, nasi tuliojiita watumishi wake tukawafukuza wageni wake. Mkifundisha, lifundisheni na hili.

Sikukuu nitazigusa kidogo tu, maana saa inakwenda. Diwali mnaijua kwa taa. Msichokijua pengine ni kwamba wafanyabiashara wa Kigujarati siku hiyo wanaabudu daftari jipya la hesabu, na siku hizi kompyuta nayo inapakwa kumkumu, ule unga mwekundu tunaojipaka usoni. Kwenye ukurasa wa kwanza inachorwa svastika. Msiogope. Ni ishara ya heri, iliyowatangulia kwa maelfu ya miaka Wanazi walioinajisi Ujerumani.

Lakini Navaratri siwezi kuipita. Usiku tisa, mwezi wa tisa au wa kumi. Katikati ya uwanja kinawekwa chungu cha udongo chenye matundu, ndani kuna taa, na wanawake wanacheza wakikizunguka, wanapiga makofi, mduara ndani ya mduara, mpaka usiku wa manane. Ngoma hiyo inaitwa garba, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Garba ni neno lile lile la garbhagriha, mimba. Chungu ni tumbo la Mama, taa ni uhai uliomo. Kwa hiyo usiku huo uwanja wowote, hata wa shule, hata maegesho ya magari, ni hekalu. Hakuna kuhani, hakuna ukuta, na anayezunguka ni binti aliyevaa sketi ya vioo na jasho linamtoka. Ba alicheza mpaka mwaka wake wa mwisho. Miguu ilipokataa tulimwekea kiti karibu na chungu, naye akapiga makofi.

Mkija kwetu, njooni mmevaa nguo za kusitiri, viatu mviache nje, na mkipewa kitu kipokeeni kwa mkono wa kulia, wa kushoto chini yake. Hapo mlangoni nimeweka sahani mbili. Sahani ya shaba ni prasadi, sukari ya mawe na lozi, iliyotolewa kwa Lalji asubuhi hii. Najua baadhi yenu imani yenu haiwaruhusu kula kilichotolewa mbele ya murti, na hilo naliheshimu. Kwa ajili yenu ipo sahani ya bluu, lozi zile zile kutoka mfuko ule ule, hazijapita kabatini. Zote mbili hazijaonjwa.